Ramani ya Mwitaliano, Nyumba ya Waswahili



Sisi tuliokulia Viwanja Sitini tumezoea jina la kata yetu kiasi kwamba hatulisikii tena. Lakini mgeni akilisikia kwa mara ya kwanza hutabasamu, maana ni jina la ramani. Kwanza kinapimwa kiwanja, ndipo nyumba inaposimama. Jina hilo lenyewe ni kumbukumbu ya kazi ya kamba na vigingi, na laiti mtu angetuuliza ni nani aliyeishika kamba hiyo, wengi wetu tungenyamaza.

Katika makala haya nakusudia kueleza habari za jengo moja la mawe ambalo mchoraji wake anajulikana kwa jina, kwa mji aliozaliwa na kwa mwaka aliokufa. Jengo hilo haliko bondeni kwetu. Liko Mombasa, ukingoni mwa bahari, nalo ni Ngome ya Yesu, ambayo wenyeji wa huko huita Ngomeni na ambayo kwa muda mrefu iliitwa pia Gereza. Nimelichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni miongoni mwa majengo machache ya zamani katika Afrika Mashariki yaliyosanifiwa na Mwitaliano, tena katika zama ambazo Waitaliano walikuwa walimu wa ujenzi wa Ulaya nzima. Ya pili, ndani ya kuta hizo alizochora mgeni mna nyumba zilizojengwa na watu wa namna mbalimbali, na nyumba hizo zinatufundisha jinsi jengo linavyobadilika mikononi mwa wanaoliishi.

MAWE NA UDONGO

Yafaa kwanza tukumbuke tofauti ya pwani na bonde. Ifakara imekaa juu ya udongo ulioletwa na maji. Mto Kilombero na mto Lumemo, kila vinapofurika, huongeza tabaka jingine. Mtu akichimba msingi hapa hukuta mfinyanzi na mchanga, wala si mwamba. Ndiyo maana wazee wetu walijenga kwa miti, udongo na nyasi, na baadaye tukachoma matofali. Nyumba ya namna hiyo ina hekima yake, kwani ni rahisi kuitengeneza na ni rahisi kuihamisha maji yanapokuja. Lakini haikai muda mrefu. Mwenyewe akifa na watoto wakitawanyika, baada ya masika kadhaa pale hubaki mwembe tu.

Pwani ni kinyume. Huko mwamba wenyewe ni matumbawe, yaani mawe yaliyojengwa na wanyama wadogo wa baharini. Jiwe la matumbawe ni jepesi, hukatika kwa urahisi likiwa bichi, na huzidi kuwa gumu likikaa katika hewa. Ukilichoma kwenye tanuri la kuni hupata chokaa. Kwa hiyo mwashi wa pwani alipata jiwe na saruji yake mahali pamoja. Kwa dari alitumia boriti za mikoko. Boriti hizo hazizidi urefu fulani, hivyo vyumba vya nyumba za kale za pwani, kuanzia Kilwa hadi Lamu, aghalabu ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa kama mita mbili na nusu au tatu hivi. Upana wa sebule ya tajiri uliamuliwa na urefu wa mti wa mkoko.

Tukumbuke basi kwamba Waswahili walikuwa wamejenga kwa mawe karne nyingi kabla ya mzungu yeyote kufika. Husuni Kubwa ya Kilwa ilijengwa katika karne ya 14. Mwitaliano tutakayemtaja hakuja kufundisha pwani kujenga kwa mawe. Alicholeta ni umbo.

UMBO LILILOTOKA ITALIA

Mwaka 1494 mfalme Charles wa Nane wa Ufaransa aliingia Italia na jeshi lenye mizinga mipya. Ngome za zamani za Ulaya zilikuwa na kuta ndefu, nyembamba, zilizokwenda juu, kwa sababu adui wa siku hizo alikuja na ngazi na mishale. Mbele ya mizinga, urefu huo ukawa hasara, kwani ukuta mrefu mwembamba ukipigwa katikati huporomoka wote.

Wasanifu wa Italia wakakaa chini wakafikiri upya. Wakashusha kuta na kuzinenepesha, na nyuma yake wakajaza udongo na kifusi ili risasi ya mzinga ikipiga imezwe. Kisha wakaiondoa minara ya duara pembeni na badala yake wakajenga buruji zenye pembe, zilizotokeza nje kama kichwa cha mshale. Sababu yake ni ya hesabu. Mbele ya mnara wa duara huwa pana sehemu ndogo ambayo walinzi hawaioni, na adui akifika hapo yu salama. Buruji zenye pembe hutazamana, kila moja ikilinda ubavu wa mwenzake, na mahali pa kujificha hapabaki. Mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye rula na penseli anaweza kuthibitisha jambo hilo kwenye daftari lake.

Lakini Waitaliano wa zama hizo, zama za mwamko wa elimu na sanaa, hawakutosheka na manufaa peke yake. Waliwasoma Warumi wa kale, hasa msanifu Vitruvius, aliyefundisha kwamba jengo zuri lina uwiano kama mwili wa binadamu. Karibu mwaka 1490 Leonardo da Vinci alichora picha yake maarufu ya mtu aliyenyoosha mikono na miguu ndani ya duara na mraba. Francesco di Giorgio Martini alikwenda mbali zaidi, akachora ngome yenye umbo la mtu, kichwa juu na miguu chini. Kwa watu hao, jengo lililokosa uwiano lilikuwa na kasoro, hata kama lilikuwa imara.

MTU WA MILANO

Giovanni Battista Cairati alikuwa mtu wa Milano. Wareno walimwita João Batista Cairato. Mwaka 1583 alipewa kazi ya kuwa msanifu mkuu wa milki ya Wareno upande wa mashariki, makao yake yakiwa Goa katika Bara Hindi. Huko alishughulikia ngome za pwani ya Bara Hindi na ile ya Malacca katika Asia ya mbali. Wakati huo mfalme wa Hispania, Philip wa Pili, alikuwa pia mfalme wa Ureno, na Milano yenyewe ilikuwa chini yake. Ndiyo maana si ajabu kumwona Mwitaliano akichora ngome ya Wareno.

Sababu ya kujenga Mombasa ilikuwa hofu. Kati ya mwaka 1585 na 1589 Waturuki, wakiongozwa na Amir Ali Bey, walikuja mara mbili katika pwani hii, na miji mingi ikawapokea kwa furaha. Wareno wakatambua kuwa kituo chao cha Malindi hakitoshi. Bandari ya Mombasa ilikuwa na kina kirefu, na mlango wake ni mwembamba. Mwaka 1593 ujenzi ukaanza chini ya Mateus Mendes de Vasconcelos, ambaye alikuwa kapteni wa kwanza. Waashi waliletwa kutoka Bara Hindi, na vibarua walitoka Malindi, ambako mfalme wake alikuwa rafiki wa Wareno. Cairati alifariki Goa mwaka 1596. Ngome ya Mombasa ilikuwa miongoni mwa kazi zake za mwisho.

Tazama sasa alivyoichora. Mahali penyewe ni pua ya mwamba wa matumbawe inayoingia baharini. Upande wa nchi kavu ukachimbwa handaki ndani ya mwamba. Pembeni zikasimamishwa buruji nne: São Filipe na Santo Alberto zikitazama nchi kavu, São Matias na São Mateus upande wa bahari. Kati ya hizo mbili za baharini ikatokezwa sehemu ya mraba kuelekea majini. Mtu akiitazama kutoka angani huona umbo la mtu aliyelala chali: sehemu ile ya mraba ni kichwa, buruji za baharini ni mikono, na zile za nchi kavu ni miguu. Mwaka 2011 shirika la UNESCO lilipoiingiza ngome hiyo katika orodha ya urithi wa dunia, uwiano huo ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa.

JE, RAMANI ILITOSHA?

Hapa ndipo penye somo, nasi watu wa bonde hili tuna haki ya kulipima. Mnajua kwamba tarehe 30 Agosti 1905, katika vita vya Majimaji, Wapogoro na Wambunga walilishambulia boma la Wajerumani kule Mahenge. Wambunga hao walitoka huku kwetu. Boma halikuanguka siku ile. Bunduki za rashasha za kapteni von Hassel ziliua watu wengi kabla hawajafika ukutani, na mwezi uliofuata wakaja askari wa msaada kutoka Iringa. Lakini vita vyenyewe havikumalizwa na kuta wala na bunduki peke yake. Wajerumani walichoma ghala na mashamba, na njaa ikamaliza kazi. Kwa hiyo mtoto wa Ifakara akisoma habari za ngome, swali lake la kwanza liwe hili: waliokuwa ndani walikula nini, na nani aliwafungulia mlango?

Ngome ya Mombasa ilipata jaribio lake la kwanza mwaka 1631. Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme aliyeuawa kwa hila za Wareno, alilelewa na mapadri kule Goa, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo, kisha akarudishwa kutawala Mombasa na Malindi. Kapteni Pedro Leitão de Gamboa alimdharau. Tarehe 16 Agosti 1631 Yusuf aliingia ngomeni kama mgeni wa kawaida, akamchoma kapteni kisu, na watu wake wakaichukua ngome. Buruji zote za Cairati, pamoja na pembe zake na hesabu zake, hazikufyatua hata mzinga mmoja, kwa sababu zilichorwa kumzuia adui wa nje, na huyu alikuwa mtu aliyefunguliwa mlango. Mwaka uliofuata Wareno walileta kundi la meli kutoka Goa, wakaipiga ngome yao wenyewe kwa miezi kadhaa, wakashindwa. Hapo ndipo ramani ilipothibitika ubora wake, lakini dhidi ya wenyewe! Yusuf aliiacha kwa hiari yake mwezi Mei 1632 akaenda zake baharini, ndipo Wareno wakarudi.

Jaribio kubwa zaidi lilianza tarehe 13 Machi 1696. Waomani, ambao tangu mwaka 1650 walikuwa wamewafukuza Wareno Muscat, walikuja Mombasa wakaizingira ngome kwa miezi thelathini na mitatu. Kuta hazikubomoka. Watu ndio waliokwisha, maana maradhi na njaa viliwaua ndani. Ilifika wakati mwaka 1697 ambapo karibu Wareno wote walikuwa wamekufa, na aliyeishika ngome alikuwa Bwana Daud wa Faza pamoja na jamaa zake, wanaume wachache wengine, na wanawake wa Kiafrika wapatao hamsini. Wanawake hao walipokezana zamu juu ya kuta. Historia haikuandika jina la hata mmoja wao. Baadaye msaada kidogo ulifika, na meli ya Santo António de Tanná ikazama mbele ya ngome mwezi Oktoba mwaka huo huo. Mabaki yake yalichunguzwa na wapiga mbizi kuanzia mwaka 1977. Hatimaye tarehe 13 Desemba 1698 Waomani walipanda ukuta. Walinzi waliosalia hawakufika ishirini. Siku chache baadaye meli za msaada zikatokea baharini, zikakuta bendera nyekundu inapepea, zikageuza tanga.

Wareno walirudi tena mwaka 1728, lakini mwaka 1729 wenyeji wakawatoa kabisa.

NYUMBA NDANI YA NGOME

Watu wengi wakizuru mahali pale hutazama mizinga na kuta, kisha huondoka. Mimi naona heri kutazama nyumba.

Kwanza palikuwa na nyumba ya kapteni Mreno, upande wa bahari, mahali pa upepo mzuri. Ndiyo iliyokuwa nyumba ya mkubwa. Palikuwa na kanisa, mabirika ya kukusanyia maji ya mvua, na makazi ya askari kando ya ukuta. Askari na mabaharia wa Kireno, pengine kwa kuchoka kungoja, walichora ukutani meli, samaki na watu kwa makaa na udongo mwekundu. Michoro hiyo imehifadhiwa ndani ya ngome hadi leo. Ni kazi ya mikono isiyojifunza popote, na kwa maoni yangu inatuambia mengi kuhusu upweke wa mtu aliye mbali na kwao kuliko andiko la kujisifu alilochonga kapteni Francisco de Seixas Cabreira juu ya lango katika miaka ya 1630.

Baada ya Wareno wakaja Waomani, kisha Wamazrui, jamaa ya Kiomani iliyotawala Mombasa kwa karibu miaka mia moja na kusemeana na kuoana na Waswahili hadi ikawa ya hapa hapa. Hawakuibomoa ngome. Waliongeza kimo cha kuta, wakajenga minara juu ya buruji, kisha wakajipangia makazi kwa namna yao. Pale palipokuwa nyumba ya kapteni wakawa na ukumbi wa kusikilizia mashauri, wenye mabaraza ya mawe na maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa. Nanyi mnajua baraza ni nini: ni mahali ambapo mkubwa na mdogo huketi kimo kimoja. Kapteni wa Kireno alipokea watu akiwa kitini. Mmazrui alipokea watu akiwa barazani. Badiliko hilo la kiti linaeleza badiliko la utawala.

Juu ya buruji ya São Filipe, iliyopewa jina la mfalme wa Hispania, ikajengwa mwishoni mwa karne ya 18 nyumba ya Kiomani, ambayo bado imesimama. Mtu akipanda juu ya paa lake bapa huona mji wa kale wote wa Mombasa na mlango wa bandari. Cairati alikusudia pale pakae mizinga. Wenyeji wapya wakapafanya mahali pa kuishi na kupunga upepo.

Hili ndilo jambo ninalotaka likae vichwani mwenu. Ganda la jengo lile ni la Kiitalia, na hakuna aliyeligeuza katika miaka mia nne. Lakini kiini chake kilijengwa upya na kila aliyeingia, kwa boriti za mikoko, kwa chokaa ya pwani, kwa mabaraza na kwa desturi ya nyumba ya Kiswahili. Ramani ya mgeni iliamua mahali pa kuta. Haikuweza kuamua watu wataishije baina yake.

KUTOKA GEREZA HADI MAKUMBUSHO

Mwaka 1837 Seyyid Said wa Unguja aliipata ngome kutoka kwa Wamazrui, naye akaweka askari wake humo. Tarehe 18 Januari 1875 manowari za Kiingereza ziliipiga kwa mizinga ili kumtoa akida aliyemwasi Sultani. Mwaka 1895 serikali ya Kiingereza ikaifanya jela, ikabaki hivyo hadi mwaka 1958. Ajabu ni kwamba neno lenyewe gereza tumelipata kwa Wareno, na katika lugha yao lilikuwa na maana ya kanisa. Neno lililoanza na sala likaishia na pingu, na ngome ile inabeba kisa hicho chote.

Mwaka 1958 wafungwa waliondolewa. Kwa fedha zilizotolewa na mfuko wa Gulbenkian wa Ureno, mtaalamu James Kirkman alichimbua na kutengeneza jengo, na mwaka 1960 likafunguliwa kuwa makumbusho. Baadaye tena bahari ikaanza kula mwamba wa chini, na katika miaka ya 2010 ikabidi ujengwe ukuta wa kukinga mawimbi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ngome ile methali hii si mfano tu, ni hesabu ya fedha.

NASI TUNA NINI?

Huenda mwanafunzi mmoja akasema: hayo ni ya Mombasa, sisi tuna matofali tu. Ndugu yangu, usiseme hivyo.

Ifakara ina majengo yenye historia. Ina hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Ina maabara iliyoanzishwa mwaka 1957 na profesa Rudolf Geigy kutoka Basel, Uswisi, ambayo baadaye ilikua hata ikawa taasisi ya utafiti wa afya inayojulikana duniani. Ina stesheni ya TAZARA, reli iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa ramani za wahandisi wa Kichina na kwa mikono ya Wachina na maelfu ya vijana wa Tanzania na Zambia. Kila moja ya kazi hizo ina sura ile ile ya Mombasa: mchoraji alitoka mbali na jina lake lipo, mchimba msingi alitoka hapa na jina lake halipo.

Cairati anakumbukwa. Vibarua wa Malindi hawakumbukwi. Wale wanawake hamsini wa ukutani hawakumbukwi. Tumechelewa miaka mia tatu na zaidi kuwauliza majina. Lakini fundi aliyechoma tofali la darasa lako hatujachelewa sana kumtafuta. Huenda angali hai, ameketi kibarazani mwake mtaani kwenu, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumpelekea kalamu na daftari.

Na wakati haungoji. Nyumba za zamani za mji wetu, zile za matofali ya kuchoma zenye baraza mbele, zinabomolewa ili kupisha za bloku. Sisemi ni vibaya. Mwenye nyumba ana haki ya kutaka nyumba bora, hasa katika mji unaojua mafuriko. Nasema tu kwamba kabla ya kubomoa, ipimwe. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu wa ng'ambo. Inahitaji vijana wawili, futi kamba moja, na karatasi ya mirabaraba. Andikeni urefu na upana wa vyumba. Andikeni milango ilitazama wapi, na kwa nini. Ulizeni udongo wa matofali ulichimbwa wapi, mbao zilitoka msitu gani wa Udzungwa, na nani alizibeba. Ulizeni msingi uliinuliwa kiasi gani juu ya ardhi, na ni mafuriko ya mwaka gani yaliyomfundisha fundi kimo hicho. Ulizeni wanawake walichota maji wapi ya kukandia udongo. Halafu wekeni karatasi hizo katika maktaba ya shule, na nakala moja mpeni mwenye nyumba.

Nanyi wahitimu wenzangu ambao mmejaliwa kuwa wahandisi, mafundi, walimu na waganga, tukikutana tena tusiishie kuchanga fedha za rangi na madirisha tu, ingawa hayo nayo ni mema. Kila mmoja alete kumbukumbu moja ya jengo moja: bweni alilolala, jiko alilopakulia ugali, mti uliokatwa kupisha darasa. Tuziandike kabla hatujaanza kubishana tarehe.

Mwitaliano yule alichora umbo la mtu kwa mawe, likakaa miaka zaidi ya mia nne. Sisi hatuna mawe. Lakini tuna watu wenyewe, nao wanaweza kusema. Kata yetu imepewa jina la viwanja sitini vilivyopimwa. Ingekuwa aibu kama katika viwanja vyote hivyo hatutaweza kuandika habari za nyumba hata sitini.